Saa ya Jiwe la Kijani

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si binamu yangu, wala si mtu niliyekaa naye kwenye basi. Najua namna visa vya wafu vinavyosimuliwa: kila mmoja amesikia kwa mwingine, na huyo mwingine hapatikani. Mimi ninapatikana. Nina kibanda cha kutengeneza saa mjini Arua, karibu na soko, na nyumba yangu iko Awindiri. Sinywi pombe, na siku hizo sikuwa na homa. Ukitaka kunishuku, nishuku tu. Mimi mwenyewe nilijishuku kwa muda mrefu kabla yako.

Ilikuwa kiangazi, vumbi limejaa hewani, alipokuja mwanamke kutoka Koboko aitwaye Hajati Zamzam. Ni Mnubi, mfanyabiashara wa nguo, umri wake umepita hamsini. Alifungua kitambaa juu ya meza yangu, na ndani yake palikuwa na saa ya dhahabu, ya mkononi, nyembamba kama biskuti.

Sikuwahi kushika saa ya namna ile. Nilikuwa nimezisoma tu vitabuni. Uso wake haukuwa wa bati lililopakwa rangi. Ulikuwa kipande cha jiwe halisi, malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari ya giza linalochimbwa Kongo pamoja na shaba. Mafundi wa Ulaya waliliparua mpaka likawa jembamba kama ukucha, wakatoboa tundu katikati, wakapitisha mishale miwili. Saa hizo hazina tarakimu wala alama yoyote, maana jiwe lenyewe ndilo pambo. Zilivaliwa na wakubwa, au na watu waliozawadiwa na wakubwa. Kilichonivutia zaidi ni kwamba hakuna nyuso mbili zinazofanana. Mistari ya jiwe ni kama alama za kidole.

Ni kwa mistari hiyo Hajati aliitambua. Ilikuwa saa ya baba yake, Sajenti Farajala. Alipokuwa mtoto alipenda kuweka shavu lake juu ya kioo chake, na alikumbuka kwamba upande mmoja mistari ilijikunja ikafanya umbo la sikio. Baba yake alipotea katika ile miaka watu wa huku kwetu West Nile walipokimbia vita, wengine Kongo, wengine Sudani. Walipokuwa Kongo alimtanguliza mkewe na watoto warudi nyumbani, akasema atawafuata. Hakuwafuata. Sasa mchuuzi mmoja asiyemjua alipita sokoni Koboko na saa ile, akisema ameinunua ng'ambo ya mpaka, na Hajati akailipia bila kubishana bei.

"Fundi, iko natengenezeka?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba sijui mpaka niifungue, na kwamba kwa saa ya namna hii ni heri ikae mbovu kuliko nipasue jiwe.

"Hapana, fundi. Lazima itembee. Mama yangu haoni tena. Macho yote mbili imekwisha. Lakini anasema, kama ni saa ya Farajala, yeye ataijua kwa sikio. Ililala kwa mto ya kitanda pamoja na yeye miaka yote ile."

Kisha akanieleza lililomsumbua. Mama yake, ambaye mtaa mzima humwita Habuba, yaani bibi, hakuwahi kukubali kwamba mumewe amekufa. Masheikh walimwambia wamswalie swala ya asiye na maiti, akakataa. Wanaume walimposa alipokuwa bado kijana, akawatukana. Kila siku hukaa kitandani karibu na mlango, uso wake umeelekea njia ya Kongo, kwa sababu huko ndiko alikomwona mumewe akibaki nyuma. Sasa alikuwa mgonjwa, na Hajati hakutaka afe bila kujua kama yeye ni mke wa mtu au ni mjane.

Niliichukua kazi. Nilipoifungua nilikuta udongo mwekundu mkavu umeingia mpaka kwenye magurudumu, udongo wa shamba, si vumbi la mfukoni. Mkanda haukuwapo, na vile vishikizo viwili vya kufungia mkanda vilikuwa vimepinda upande mmoja, kama mtu aliivuta saa kwa nguvu zake zote. Lakini jiwe halikuwa na ufa hata mmoja. Nilisafisha kila kipande, nikatia mafuta, nikanyoosha vishikizo, nikafunga mkanda wa ngozi. Ikatembea.

Hapa lazima nikueleze desturi yetu mafundi, maana ndiyo iliyoniponza. Saa inayotembea mezani bado haijapona. Mezani imelala, haina joto, haitikiswi. Ni lazima fundi aivae mwenyewe siku kadhaa, atembee nayo, ale nayo, aone kama inashika majira. Hakuna fundi wa kweli anayerudisha saa ya mtu bila kuivaa kwanza. Nimevaa saa za mapadri, za walevi, za wanawake. Basi nikaivaa na ile, mkono wa kushoto.

Siku ya Ijumaa, jua likiwa utosini, jirani yangu muuza vitambaa alifunga duka lake akaenda msikitini, kama wanavyofanya Waislamu wote wa mtaa ule. Saa hiyo mtaa wetu hunyamaza. Nilikuwa nimeinamia saa ya ukutani, na nilipoinua kichwa nilimwona mzee amesimama mbele ya meza. Alivaa kanzu na kofia. Mkono wa kushoto ameuficha ndani ya kanzu, kama mtu mwenye jeraha. Nilichokiona kwanza ni kwamba kanzu yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, nami nikashangaa amepata wapi maji katika kiangazi kile.

Hakunisalimu. Aliitazama saa mkononi mwangu.

"Iko natembea?" akauliza.

"Iko natembea, mzee. Inachelewa kidogo tu."

"Hiyo ni tabia yake. Hapana sumbua yeye."

Nikadhani ni ndugu wa Hajati. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Kwa kutafuta maneno nikamtania kidogo, maana wazee wa Kinubi hupenda utani: "Mzee, leo Ijumaa, wenzako wote wako msikitini. Wewe hukwenda kuswali?"

"Nitaswali namna gani?" akasema. "Mimi mwenyewe bado kuswaliwa."

Nilicheka. Niamini, nilicheka kwa sauti. Mimi ni Mkristo, na jambo la swala ya maiti halikunijia akilini upesi. Yeye hakucheka. Alisogea mpaka nikasikia harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, akasema polepole, kama mtu anayempa fundi maelekezo ya kawaida:

"Ukipeleka saa kwa bibi yangu, hapana toa mukononi. Peleka hivi hivi. Yeye napenda ikiwa na moto ya mutu. Hapana penda ya baridi."

Nikaitikia. Nikageuka kuweka bisibisi chini, na nilipotazama tena hakuwapo. Jirani yangu aliporudi nilimuuliza kama amempita njiani mzee mwenye kanzu iliyolowa.

"Kulowa wapi, fundi? Hata jasho hapa linakauka kabla ya kutoka," akasema. "Hiyo dhahabu inakulewesha. Kesho utasema umeona malaika."

Utaniuliza: kwa nini hukuivua pale pale? Nami nimejiuliza. Lakini jiweke mahali pangu. Mzee amekuja mchana, jua linawaka, ameongea mambo ya akili, ametoa ombi dogo. Nilimhesabu kuwa shemeji au baba mdogo wa Hajati, na lile neno "bibi yangu" nikalichukua kuwa ni Habuba tu, kama anavyoitwa na mtaa mzima. Hata yale maneno ya kuswaliwa niliyachukua kuwa mzaha wa mtu aliyezeeka. Basi nilipopanda gari kwenda Koboko siku iliyofuata, saa ilikuwa mkononi, na nilijiona mwungwana kwa kutimiza alivyotaka.

Nyumba ya Hajati ni safi, ukutani kuna vikapu vya rangi wanavyosuka wanawake wa Kinubi. Habuba alikuwa kitandani karibu na mlango, kama nilivyoambiwa. Amekonda, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Fundi wa Arua," alisema kabla sijakaa, "nawe umeniletea ya Kichina? Mimi wamenidanganya na saa nyingi. Mmoja alileta hata ya mwanamke."

"Mama, ngoja kwanza usikie," Hajati akamwambia.

"Nasikia. Mimi iko kipofu, hapana kiziwi."

Nilipiga goti karibu na kitanda nikanyoosha mkono. Kitu kimoja kilinishangaza kabla hajaugusa. Nilimwambia Hajati, kwa sauti ya chini, kwamba nimefuata maagizo ya yule mzee wa kwao na sikuivua. Akaniuliza, "Mzee gani?" Sikupata nafasi ya kumjibu, kwa sababu Habuba alikuwa amekwisha kuushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kulilaza sikio lake juu ya saa.

Alisikiliza muda mrefu. Nje watoto walikuwa wakigombania tairi, na mama mmoja akawafukuza, kukawa kimya. Nikaona uso wake unabadilika. Haukuwa uso wa furaha. Ulikuwa uso wa mtu anayesikia mlango ukifunguliwa usiku na hajui ni mwenyewe au ni mwizi. Akaanza kusema kwa Kinubi. Mimi Kinubi najua salamu tu, na maneno mawili matatu ya sokoni. Niligeuka nimwombe Hajati anitafsirie.

Mdomo wangu haukugeuka nami. Ulimjibu.

Sijui nikueleze vipi. Nilisikia sauti inatoka kifuani mwangu, sauti yangu, lakini maneno sikuyajua, kama mtu anayesoma kwa sauti lugha ambayo hakujifunza. Nilijaribu kufunga meno. Mkono wa kushoto ulipoa kuanzia kwenye mkanda kushuka mpaka kwenye ncha za vidole, baridi ya jiwe la mtoni, nikauvuta, na yule mwanamke mgonjwa akaushika kwa nguvu ambazo hakuwa nazo. Alikuwa akiuliza, mimi nikijibu. Kisha akaniachia, sauti ikakatika, nikaanguka kwa viwiko.

Hajati alikuwa ameketi sakafuni ameziba mdomo. Yeye ndiye aliyenieleza baadaye tulichosema. Mama yake alikuwa ameuliza: wewe ni mzima au umekufa? Nami nikajibu: nimekufa. Akauliza: Kongo? Nikasema: hapana, Ludara, chini ya mawe, mahali kijito kinapopinda, kwenye shamba la watu. Nilikuwa narudi kwako. Akauliza nani aliyeniua. Hapo, alisema Hajati, sikujibu jina. Nilisema tu: niswalieni, nimechoka kulala katika maji.

Ludara si Kongo. Ludara iko wilaya ile ile ya Koboko, mashamba ya mihogo na masoko madogo. Habuba mwenyewe alikuwa amewahi kununua karanga huko.

Ndugu za Hajati walikwenda, pamoja na sheikh na mwenyekiti wa kijiji, nami nilikwenda kwa sababu nilitaka nithibitishe kwamba nimeugua kichwa. Kijito kilipinda. Mawe yalikuwapo. Mwenye shamba, kijana mpole, alisema marehemu baba yake hakuwaruhusu kamwe kulima pale, na hakuwaambia sababu. Walichimba. Walimkuta, udongo ukiwa na unyevu hata katika kiangazi kile. Mifupa ilikuwa imekaa kwa utaratibu, mtu mzima, mrefu, yote imetimia isipokuwa mkono wa kushoto. Ulikuwa umekatika juu kidogo ya kiganja, na kiganja hakikuwapo. Walitafuta mpaka jioni. Mimi sikuhitaji watafute. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha vile vishikizo vilivyopinda, na sasa nilijua vilipindaje. Mkanda ulikuwa umembana, na aliyeitaka saa hakuwa na subira.

Walimvika sanda, wakamswalia, wakamzika Koboko.

Ungefikiri kisa kinaishia hapo kwa amani, sivyo? Hata mimi nilifikiri hivyo. Nilikwenda kumpa Habuba pole, nikitarajia, nakiri, kushukuriwa. Alikuwa amegeuziwa kitanda. Hakuelekea tena njia ya Kongo. Alikuwa amelala uso ukutani.

"Miaka yote hiyo," aliniambia, "mimi nilitazama Kongo. Yeye alikuwa nyuma yangu. Nimempa mume wangu mgongo."

Nikamwambia hakuwa na njia ya kujua.

"Mimi nilikuwa na kazi, fundi. Kazi yangu ilikuwa kungoja. Asubuhi naamka, najua kazi yangu. Sasa munaninyang'anya kazi, mumenipa nini?"

Sheikh alimwambia kwamba hahitaji kukaa eda, maana eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, na yake ilikwisha zamani. Hakumsikiliza. Alivaa nguo za ujane, akakaa. Saa ilikuwa kwenye kikapu karibu naye, ikitembea, maana Hajati aliitia ufunguo kila asubuhi akidhani inamfariji. Siku ile Habuba aliniomba niisimamishe. Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna mtu aliyewahi kuniomba nisimamishe saa iliyo nzima. Nilivuta kipini chake cha pembeni cha kurekebishia majira, ikanyamaza. Hakuimaliza eda yake. Alikufa akiwa ndani yake, akielekea ukuta.

Hajati hanilaumu. Hununua nguo Arua, na akipita hunisalimu kwa heshima. Lakini haingii kibandani, na haniangalii mkono.

Mkono wenyewe haukurudia hali yake. Kuanzia pale mkanda ulipokaa kushuka, hausikii kitu. Unasogea, naweza kubebea ndoo, lakini ukinichoma sindano nitajua kwa kuona damu. Daktari alinieleza habari za mishipa, nami nilikwenda kusoma habari za mishipa, na maelezo yake ni mazuri ila hayasemi kwa nini unakuwa na baridi hata nikiuweka karibu na jiko. Kibano sikishiki tena kwa mkono huo. Saa ndogo nimeziacha. Nafanya za ukutani na kubadilisha betri.

Na hilo nalo si baya kuliko yote. Habari zilienea. West Nile hakuna ukoo usio na mtu aliyepotea. Wengine walipotea katika kukimbia kule kwa zamani, wengine juzi tu, wamevuka mpaka na bidhaa wasirudi. Watu walianza kuniletea vitu: mkanda wa suruali, pete, kofia ya jeshi iliyoliwa na nondo, kiatu kimoja. Wanakaa kwenye benchi langu na kuniomba nivae kidogo tu. Mwanamume mmoja alilia mbele ya wateja. Nawaambia siwezi, nawaambia mwulizeni Mungu, nawaambia lile lilikuwa jambo la siku moja. Wananitazama kama mtu mwenye maji anayewanyima wenye kiu.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma. Usivae saa ya mtu usiyejua amezikwa wapi, hata kama kazi yako inakutaka uivae. Itundike kwenye msumari, itikise kwa mkono, fanya lolote. Na kama una mtu wenu aliyepotea, kabla hujaanza kumtafuta kwa njia hizi, mwulize anayemngoja, mwulize zaidi ya mara moja: unataka kujua, au unataka arudi? Watu hudhani maswali hayo ni mamoja.

Usije kwangu. Nasema hivi kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja mwaka huu. Nilipomkatalia hakubishana. Alilikunjua shati la mwanawe mezani, nami nikiwa sitazami, akaliweka juu ya mkono wangu wa kushoto, kama mtu anavyomfunika mtoto. Mkono huu hausikii sindano wala moto. Lile ulilisikia. Nilimtazama machoni nikamwambia sijasikia kitu. Akashukuru. Akalikunja shati lake vizuri, akatoka akiwa mwepesi kuliko alivyoingia.

Halikuwa shati. Hapa nimebadilisha kile alicholeta, na simtaji anakotoka, ili akisoma haya asijijue.